Mnaoanza kuuza vitu vya kroshia, njooni niwaambie habari za bei na hakimiliki

Wadogo zangu mnaoanza (na nyie kaka zetu mnaofuma kimyakimya, tunawajua), seti yangu ya kwanza ya mtoto niliiuza sh. 15,000. Sweta, kofia na vibuti. Jirani alikuwa anakaribia kujifungua, akaniuliza shilingi ngapi, nikaona aibu nikataja tu namba iliyokuja mdomoni, akalipa palepale bila hata kuomba nipunguze, na hiyo peke yake ilitakiwa inishtue. Jioni nikashika daftari. Madonge matatu ya uzi ya 4,000 ni 12,000, vifungo 1,000, mfuko 500. Imebaki buku jero na hapo sijatoa nauli ya kwenda na kurudi Kariakoo. Yaani siku nne za kufuma nimepata hela ya chipsi kavu.

Kosa sikulifanya kwenye uzi, uzi nilijua bei yake. Masaa yangu ndio sikuyahesabu. Sasa fanya hivi, ukianza kufuma washa ile saa ya kuhesabu ya kwenye simu, mtoto akilia unaisimamisha, ukirudi unaendelea, usijidanganye. Ile seti ilinichukua masaa 11. Halafu bei ya lisaa nilimuuliza fundi cherehani wa mtaani kwetu siku ya kawaida anaondoka na ngapi, akasema kama 16,000, nikagawa kwa masaa nane nikapata 2,000. Kwa hiyo masaa 11 ni 22,000, jumlisha ile 13,500 ya vifaa unapata 35,500, weka na kidogo cha vocha, sindano zinazovunjika na faida ya biashara yenyewe, leo hiyo seti nauza 40,000. Jirani aliporudi kuulizia ya mtoto wa dada yake akashika kiuno. Lakini alichukua.

Kuna ile kanuni mtaambiwa, chukua bei ya uzi zidisha mara tatu. Mimi siipendi kabisa. Kitambaa cha meza cha ule uzi mwembamba wa pamba uzi wake unaweza usizidi 6,000 ila ukakaa nacho masaa 30, ukizidisha mara tatu unauza 18,000, umefanya kazi wiki nzima kwa hasara. Blanketi la uzi mnene ni kinyume chake, uzi ghali masaa machache. Kanuni moja haiwezi kuvibeba vyote viwili. Bora ununue kamizani kadogo ka jikoni, mdoli ukiisha unaupima, ukikuta gramu 70 na donge lako la gramu 100 ni 4,000 basi umetumia uzi wa 2,800, hamna haja ya kubahatisha.

Na mteja akikwambia "mbona sweta la mtumba 5,000" usigombane naye. Huyo anataka sweta na mtumba upo, mwelekeze. Ila akisema kuna za kroshia za kutoka nje rahisi, ujue kroshia mpaka leo inafanywa kwa mkono hata huko China, mashine zinafuma aina nyingine ya ufumaji, kwa hiyo ile bei rahisi maana yake kuna mtu mahali amelipwa kidogo kuliko hata mimi na zile chipsi zangu.

Haya, hakimiliki. Mwanzoni nilikuwa nafuma midoli ya katuni kwa sababu ndio watoto wanazijua. Kumbe nilikuwa naua bei yangu mwenyewe, mzazi anaangalia mdoli wangu wa masaa nane anakumbuka ule wa plastiki wa 8,000 pale Kariakoo, mazungumzo yameisha. Na juu ya hapo zile katuni zina wenyewe. Mwaka 2008 kuna mama Uingereza aliweka bure mtandaoni pateni (yale maelezo ya kufuma kitu hatua kwa hatua) za viumbe vya kwenye Doctor Who, tamthilia ya TV ya BBC, watu wakafuma wakaenda kuviuza eBay, BBC wakamtaka azitoe. Yeye hakuuza hata kimoja! Mtaambiwa pia Mickey Mouse sasa ni bure. Ni yule wa zamani tu, wa kwenye filamu za mwanzo kuanzia ile ya 1928, na kilichoanza kuisha Januari 1, 2024 ni hakimiliki ya Marekani, alama ya biashara bado ipo kwa wenyewe. Msidanganyike na video za sekunde 30.

Kofia za Simba na Yanga ndio swali ninaloulizwa kila msimu. Mimi nafuma nyekundu na nyeupe, nafuma kijani na njano, hamna mtu anamiliki kofia ya rangi mbili. Nembo na jina la klabu siweki. Hiyo ni alama ya biashara, mambo ya BRELA wanaosajili majina na alama za biashara, tofauti na hakimiliki ambayo iko COSOTA, ofisi ya hakimiliki, chini ya sheria ya 1999, watu wanavichanganya sana.

Kwenye pateni shikeni hili: mshono hauna mwenyewe, ile duara ya kuanzia mdoli haina mwenyewe, ila maelezo aliyoyaandika mtu, mchoro wake na picha zake ni mali yake. Na Tanzania tuko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu 1994, kwa hiyo pateni ya mtu wa Marekani inalindwa hapa sawa na ya mtu wa Mbagala. Mimi niliumbuka hapo. Nilinunua pateni ya Kiingereza, nikaitafsiri Kiswahili vizuri kabisa, nikaanza kuiuza 3,000 kwenye grupu la WhatsApp nikijiona nasaidia wenzangu. Mwenyewe akanifuata DM, kwa upole, akasema kutafsiri ni haki yake na angefurahi kama ningemuomba kwanza. Nilirudishia watu hela zao, 21,000. Wengi wanaouza pateni wanakuruhusu uuze kitu ulichokifuma ukitaja jina lao, wengine hawataki, imeandikwa mwishoni kabisa mwa PDF ambako hamna anayefika. Fikeni.

Sasa hivi nafuma mdoli wangu mwenyewe, mama ntilie, ana kilemba, ana aproni, ana kasufuria ka uzi wa kijivu kenye mfuniko unaofunguka. 35,000. Hamna wa plastiki wa kumlinganisha naye, na hapo ndio nilielewa kumbe kubuni chako kunasaidia mpaka kwenye bei. Haki yako inaanza pale unapotengeneza kitu, kusajili COSOTA kunakusaidia tu kuthibitisha, ila we piga picha kila hatua uzitunze na tarehe zake. Kuna mtu alichukua picha ya mama ntilie wangu akaiweka kwenye peji yake na bei 20,000, nikamtumia picha ya kichwa kikiwa bado hakina macho, juu ya meza yangu, kitambaa kilekile cha meza. Aliifuta kabla hajajibu.

Oda usianze bila kupokea nusu, hata awe shemeji. Na mkipata duka la kuweka vitu vyenu, wataomba mali kauli, kubalini kidogokidogo na muandikishane idadi. Kuna duka niliwapelekea mama ntilie watano mwezi wa tatu. Wanasema wameisha wote. Waliolipiwa ni wawili.