Usiulize "unavuta sigara?" ukatosheka hapo

Wadogo zangu mnaoanza fildi na ajira mpya kwenye kliniki za presha na sukari, mie nipo hapa Pemba mwaka wa tisa sasa na kosa langu la mwanzo ndo hilihili nnaloliona kwenu kila siku. Fomu inataka kujua mgonjwa anavuta sigara au la, unamuuliza bibi wa miaka 60 na kitu "unavuta sigara?", anashtuka, "astaghfirullah mwanangu, sigara mie?", unatia hapana unaita mwengine, na bibi wa watu shavu limetuna, meno mekundu, kijaluba, kile kikopo chake cha tambuu, kimo kwenye mkoba chini ya buibui. Wala hajakudanganya. Kwake yeye sigara ni mambo ya wanaume wa bandarini, tambuu ni uraibu wake tu wa baada ya chakula kama alivokua akitafuna mama yake.

Kwahiyo taja moja moja kwa jina, sigara, shisha, vepu, ugoro, kuberi, tambuu. Akikubali tambuu muulize anatia nini ndani, kuna wanaotia tumbaku kwenye jani pamoja na popoo, chokaa na katu, na kuna wasiotia. Usifurahi ukisikia haina tumbaku, popoo yenyewe inaleta saratani ya kinywa, wataalamu wa saratani wa WHO walishaliandika hilo tangu 2004. Na kwa anaetia tumbaku, ile chokaa ndo inayoifanya nikotini ipenye haraka kwenye shavu, ndo mana akikosa siku moja tu kichwa kinamgonga na kila mtu nyumbani anamkera.

Vijana wa vepu nao hivohivo, atakwambia ni ladha tu ya embe. Muulize akiamka anashika nini mwanzo.

Sasa mie yule bibi wangu wa kwanza nilimwambia mbele ya watu kwenye benchi, bibi utakufa na saratani wewe. Akafunga kijaluba, akasema "haya mwanangu, ahsante", hakurudi miezi minne. Karudi kaletwa na mjukuu, presha 210 kwa 120, dawa zilishamuishia zamani na alikua anaona haya kuja kugombezwa. Mpaka leo nikikumbuka ile "ahsante" yake naona aibu. Safari hio nikavuta kiti, nikamuuliza bi mkubwa, kwa siku zinakwenda ngapi? Ipi ukiikosa mambo hayendi? Akacheka, akasema ya baada ya alfajiri. Hilo ndo swali lenye faida, mtu anaetumia ndani ya nusu saa tangu kuamka nikotini imemshika kweli, huyo maneno matupu hayamtoshi. Nikamuomba afungue kinywa aingize vidole vyake vitatu vikiwa wima, viliingia viwili tu, ngozi ya shavu imekaza kama turubai. Mtu kama huyo ni rufaa ya kinywa siku hiohio, msimwambie aje mwezi ujao.

Dawa tusidanganyane, bigijii za nikotini kituoni kwetu mara nyingi hazipo ingawa WHO wameziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Ukizipata mfundishe, asitafune kama bigijii za dukani, anatafuna kidogo mpaka asikie ukali alafu anaibana shavuni, na asinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake manake haitofyonzwa vizuri. Watafuna tambuu hawa hawakupi tabu, kubana kitu shavuni ndo fani yao.

Wavutaji wengi tunawapata Ramadhani. Mvuvi kashinda saa 13 bila sigara anakwambia hawezi kuwacha, we unaona kashaweza, shida yake ni ile dakika baada ya futari anapotoka na kikombe kwenda barazani. Basi hio dakika ndo mpangieni, atie iliki mdomoni, asitangulie barazani atangulie tarawehe. Na kahawa aipunguze, hili wengi hamlijui, moshi wa sigara unalifanya ini liiondoe kahawa mwilini kwa haraka, akiwacha sigara vikombe vilevile vinamlemea, moyo unamwenda mbio usiku halali, yeye anadhani ni sigara inamwita. Mwenye pumu anaekunywa aminofilini nae mwambieni daktari, dozi inaweza kuzidi kwa sababu hiohio.

Siku ya pili na ya tatu baada ya kuwacha ndo mbaya kuliko zote. Mpigie simu, hata kwa vocha yako.

Yule bibi kijaluba bado anacho, sikuhizi kina iliki na karafuu. Ya alfajiri hajaiwacha, na safari hii kanambia mwenyewe kabla sijauliza.