Anayekaa nyuma ndiye apange safari: tulivyojiandaa kwenda Mosi-oa-Tunya kwa pikipiki

Kwa miaka tisa fedha ya safari hii iliingia kwenye kibubu na kutoka. Ilitoka kwa ada ya shule, ikatoka kwa paa la jiko, na ilipotimia kweli ukawa mwaka 2020, hakuna aliyekwenda popote. Juni mwaka jana ndipo mimi na Baba Neema tulipotoka Morogoro kwenye pikipiki moja ya cc 250, tukaishika barabara ya Iringa na Mbeya, tukavuka mpaka wa Tunduma hadi Livingstone, Zambia, yalipo maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria.

Tangu turudi, wanaume wanatuuliza tulifunga tairi gani. Wake zao wananivuta pembeni: uliwezaje kukaa? Mimi naona hilo la pili ndilo la kuanza nalo.

Mpango wa kwanza aliuchora Baba Neema, nao ulifuata nguvu ya injini: Morogoro mpaka Mbeya kwa siku moja. Kwa bahati tulikubaliana kwanza kwenda Iringa kujaribu, tukiwa na mizigo yote. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, pale penye vitunguu barabarani, nilishuka nikashindwa kunyoosha magoti. Nilikuwa naumia tangu Mikumi na nimenyamaza, nisimharibie siku. Yeye naye alikuwa amekasirika kimyakimya kwa sababu kila akishika breki helmeti yangu inagonga yake. Tulikaa chini ya mti karibu saa nzima tukiambiana ukweli. Mazungumzo yale yalitufaa kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Hapo ndipo tulipokata shauri: kilomita 300 kwa siku, tukizidisha iwe kwa sababu ya maana, na kusimama kila baada ya 80 hata kama hakuna aliyechoka. Tukapanga na ishara. Nikimgonga bega mara moja, apunguze mwendo. Mara mbili, asimame panapofaa. Nikigonga mfululizo, asimame sasa hivi. Na mimi nikajifunza kubana kwa mapaja na kuegemeza kiganja kwenye tangi anapofunga breki, helmeti zikaacha kugongana. Mwenzangu, usiondoke nchini bila kujaribu hivi angalau mara mbili, tena na mzigo uleule.

Kuhusu mzigo: fungua kitabu cha pikipiki yako uone inaruhusu kilo ngapi kwa jumla, yaani watu na mabegi. Yetu ni 170. Sisi wawili ni 145, kwa hiyo mabegi yalibaki na kilo 25, nasi tuliyapima kwenye mizani ya duka la mahindi. Nguo zilikuwa seti tatu kila mmoja, na koti zito, maana Makambako mwezi wa Juni upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Ukibeba mtu nyuma, kaza springi ya shokapu na uongeze upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyoelekeza. Cheni nayo iangalie wote wawili mkiwa mmekaa juu. Fundi akiikaza pikipiki ikiwa tupu, mkipanda cheni inavutika kupita kiasi na kula sproketi, yale magurudumu ya meno inayozungukia. Spea zetu zilikuwa chache: tyubu mbili, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, pampu ya mkono. Tulifungua tairi na kulirudisha uani kwetu mara tatu, mikono minne, kabla ya kuamini kwamba tunaweza.

Kwenye karatasi kuna jambo linalochanganya watu. Kadi za njano ni mbili! Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa na sasa ni ya maisha. Nyingine ni bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika) ya kulinda watu wengine barabarani, na unaichukua kwa kampuni yako ya bima kabla hujaondoka. Sisi tulikutana mpakani na kijana aliyeshika ya kwanza akidhani ndiyo ya pili. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, lakini pikipiki inahitaji kibali cha kuingia kwa muda, hivyo kadi yake halisi ya usajili iwe mkononi. Yetu ina jina la Baba Neema, kwa hiyo tuliandikisha kwa wakili barua ya kuniruhusu kuiendesha.

Ukivuka Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, rudisha saa nyuma kwa saa moja. Maana yake jua la Juni linazama kabla ya saa 12 jioni, na usiku barabara ile ni ya malori. Tulikuwa tunatafuta pa kulala saa 10.

Sasa niseme kuhusu leseni. Miezi minane kabla ya safari nilijifunza pikipiki na kukata leseni. Ndugu waliona ni matumizi mabaya ya fedha. Tukiwa tunarudi, Baba Neema alishikwa na homa Serenje, tukiwa bado Zambia, akapimwa, malaria. Tulilala pale siku nne, akamaliza dawa mseto, akapata nguvu ya kukaa ila si ya kuendesha. Hadi Mpika ni zaidi ya kilomita 200. Nilishika usukani asubuhi, polepole, yeye nyuma yangu na mikono kiunoni kwangu. Kilomita kama 70 hivi, nikasikia bega linagongwa mara mbili. Nikatafuta kivuli, nikasimama.