Ukifika Mikindani, anzia kwenye mikoko

Wageni wengi wanaokuja Mtwara huomba niwapeleke Mikindani, na tukifika tu wanakimbilia Boma. Sikatai, Boma linapendeza: Wajerumani walilijenga mwaka 1895, na siku hizi ni hoteli. Wanapiga picha, wanakunywa soda, basi, wanataka kurudi mjini. Ushauri wangu ni kuanzia chini, mikokoni, ndipo upande huko juu.

Kabla ya kupanga siku, tazama mwezi. Ukiwa mwandamo au mpevu, maji ni ya bamvua: yanatoka mbali sana, kisha yanarudi kwa kasi. Ingia wakati yanatoka, si wakati yanajaa. Simu itakwambia saa ya maji kupwa, lakini mvuvi wa pale atakuonyesha na njia isiyokuzamisha hadi magotini. Vaa raba kuukuu za kufunga kamba.

Ukishaingia, simama na unyamaze. Tope ulilodhani ni tupu litaanza kuchezacheza. Kaa wadogo wanachungulia mashimoni. Dume ana gando moja kubwa ajabu, analipunga kama abiria anayesimamisha bodaboda, huku akila kwa lile dogo. Jike ana madogo mawili, naye anashiba upesi zaidi. Kuna na visamaki vyenye macho utosini, vinarukaruka juu ya tope na kukwea mizizi. Yangeyange yuko nyuma yao, hana haraka.

Jifunze walau miti miwili. Mkoko husimama juu ya mizizi ya matao. Mchu hutoa vijiti vingi vinavyochomoza topeni ili mizizi ipate hewa. Lamba jani lake uonje chumvi. Kukata bila kibali marufuku, hata ufito mmoja, maana mikoko ni msitu wa hifadhi wa serikali.

Sasa panda mjini. Ukikaribishwa kwenye nyumba ya kale (piga hodi, waamkie wazee, kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe), inua macho darini. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na katika nyumba nyingi za namna hii za pwani yetu dari hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba: boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi Arabuni. Bandari hiihii ilipitisha pia pembe za ndovu na watumwa, na David Livingstone alishuka hapa Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho bara. Kwangu mimi, dari moja ya hivyo inaeleza mengi kuliko Boma zima.

Kurudi Mtwara mjini ni kama kilomita 10 tu. Ila beba ndala za kubadilisha, la sivyo konda atakupandisha kwa masimango.