Madoa kwenye ubongo baada ya mumeo kupata degedege la ukubwani

Pole sana, dada. Mumeo hakuwahi kuugua kifafa, ghafla kaanguka na kutetemeka mwili mzima, picha ya ubongo ya MRI ikaonyesha madoa, na daktari anasema chanzo hakijulikani. Mara nyingi maana yake ni kwamba bado hakijapatikana.

Madoa mengine huletwa na mtetemeko wenyewe, hasa ukichukua muda mrefu, na huweza kufifia; ndiyo maana picha hurudiwa. Mengine ni makovu ya zamani: kichwa kilichoumia, kiharusi kidogo, presha. Uvimbe, au kinga ya mwili kuushambulia ubongo, pia vimo.

Mimi ningeanza na maambukizi, kwa kuwa mengi yanatibika: kifua kikuu cha ubongo, toksoplazma (kimelea kinachoweza kushambulia ubongo) kwa mwenye VVU (ulizeni bila aibu kama amepimwa), na mabuu ya tegu wa nguruwe. Hata asiyekula nguruwe huyapata, maana mayai ya tegu hupitia mikono na chakula kichafu. Ila asinywe dawa za minyoo kwa kubahatisha: mabuu yakifa, ubongo unaweza kuvimba.

Ombeni nakala ya picha zenyewe, mzipeleke kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Asiendeshe gari kwanza, wala asiache dawa alizoandikiwa.

Mtetemeko ukizidi dakika 5, ukijirudia, au akipata homa na shingo kukakamaa, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.