Nani mwenye neno "kikoi"?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nauza vikoi na fulana hapa Mji wa Kale, Mombasa. Mteja wa Marekani ameagiza fulana 50 za "Hakuna Matata", lakini binti yangu amenikataza, ati maneno hayo yana mwenyewe. Sasa naogopa hata kuandika "kikoi" kwenye kikoi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Binti yako hakukosea. Disney, kampuni ya filamu iliyotoa "The Lion King", iliomba maneno hayo yawe alama yake ya biashara Marekani mwaka 1994, yakasajiliwa 2003, tena kwa fulana. Kusema utasema, na kuimba utaimba. Lakini mzigo wako ni fulana zilezile, na unakwenda nchi ileile. Nisingeupakia kabla wakili wa huko hajatazama daftari la alama. Mwaka 2018 watu maelfu walitia saini kuupinga usajili ule, na mimi uchungu haujanitoka: maneno hayo yalikuwa vinywani mwetu kabla filamu haijatungwa.

Kikoi usikiogopee. Mamangu alikuwa akisokota matamvua juu ya paja, nyuzi nne nne, mpaka ngozi ya hapo ikawa laini kama ya mtoto. Neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Basi mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ikaomba isajiliwe "Kikoy" iwe yake. Traidcraft, shirika la Uingereza la biashara ya haki, likasimama na Wakenya, likaweka pingamizi, na 2008 ombi likaachwa. Jina la kitu chenyewe haliwi mali ya muuzaji mmoja wa kitu hicho. "Apple" ni tofaa. Kwenye kompyuta linakubalika, kwa sababu kompyuta si tunda. Muuza matofaa akilitaka peke yake, wenzake watauza nini?

Andika "kikoi", herufi kubwa ukipenda. Juu yake tia jina ulilobuni mwenyewe, na hilo ndilo ulipeleke KIPI, ofisi ya serikali ya Kenya inayosajili alama za biashara. Likisajiliwa linalindwa miaka 10, kisha unalihuisha. Binti yako naye awe anapitia jarida la KIPI kila mwezi. Akitokea mtu kuomba neno letu, mna siku 60 tangu litangazwe kuweka pingamizi, na chama chenu cha wauza vikoi kinaweza kuliweka. Risiti kuukuu za duka usizitupe, hasa zilizoandikwa "kikoi" kwa mkono na zina tarehe; huo ndio ushahidi wenu. Zitie kwenye bahasha moja, umkabidhi binti.