Maswali ya Wasomaji: Koili Moja, Vipimo Viwili

SWALI: Nimefunga koili ya mizunguko 13 kwa waya wa shaba wa milimita 1.5, ule wa mafundi wa mota, juu ya bomba la plastiki la milimita 32. Analaiza ya antena (kifaa cha kupimia antena) inanipa indaktansi, yaani ukubwa wa koili kiumeme, ya mikrohenri 5.2 kwenye megahezi 2, lakini kwenye megahezi 21 inapanda hadi 7.2. Nishike ipi?
Msomaji, Jinja

JIBU: Shika 5.2. Mizunguko iliyobanana, pamoja na waya za kuunganishia, ni kapasita ndogo iliyolala sambamba na koili. Pikofaradi 3 tu zinatosha kuleta tofauti hiyo. Karibu na megahezi 40 koili yako itafika kwenye resonansi yake yenyewe (masafa ambapo koili na kapasita hiyo ndogo hulingana nguvu), na ukipita hapo inajifanya kapasita. Ile 7.2 si uongo mtupu, maana ndivyo koili itakavyotenda kwenye megahezi 21. Ila hapo riaktansi (ukinzani wa koili kwa mkondo wa masafa hayo, analaiza huuandika X) ni kama ohm 950, na analaiza za mkononi husoma vizuri jirani na ohm 50. Kwenye megahezi 2 yako ni ohm 65, pazuri kabisa.

Kuhakiki, lehemu koili, kapasita ya NP0 (aina isiyobadilika kwa joto) ya pikofaradi 100 na rezista ya kaboni ya ohm 47 kwa mfuatano, miguu isizidi sentimita 1. (Rezista ya kusokotwa waya usiiguse, nayo ni koili!) Anzia megahezi 5, panda polepole. X itashuka hadi sifuri na SWR (kipimo cha ulinganifu na ohm 50) itakaribia 1. Ikitokea kwenye megahezi 7, gawanya namba ya kudumu 25,330 kwa megahezi mara mbili, kisha kwa pikofaradi: 25,330 ÷ (7 × 7) ÷ 100 = mikrohenri 5.17. Kapasita ikikosea asilimia 5, jibu nalo hukosea asilimia 5.

Analaiza nyingi hazionyeshi kama X ni chanya au hasi. Ongeza masafa kidogo: X ikipanda ni koili, ikishuka ni kapasita.

SWALI: Na kapasita je, naweza kuipima kwa kifaa hichohicho?
Msomaji, Mbale

JIBU: Ndiyo, zile ndogo. Tafuta masafa yanayokupa X ya karibu ohm 50, kisha gawanya 159,155 kwa megahezi, halafu kwa X. Pikofaradi 100 huonyesha ohm 53 kwenye megahezi 30. Kapasita iliyotoka kwenye saketi itoe chaji kwanza, la sivyo utaunguza diodi za kupimia ndani ya analaiza.