Dansi ya kisasa na muziki wa laivu: anzeni programu zenu kwa wapigaji

Promota akipiga simu kuulizia kundi lenu, swali lake la kwanza si dansi yenu inahusu nini. Anataka kujua ni dakika ngapi, watu wangapi na mnahitaji nini jukwaani. Kundi lenye onyesho moja tu la saa nzima huishia kukataa mialiko, au hukubali kisha likaanza kulikata vipande usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kwa kundi linalocheza na wapigaji, ugumu unaongezeka: muziki wa kwenye kompyuta unausimamisha popote, lakini wimbo wa wapigaji wanne hauwi wa wawili kwa kuwaondoa wengine wawili.

Kwa hiyo tungeni programu tatu mapema, yaani maonyesho matatu ya urefu tofauti, na kila moja ianzie kwa wapigaji. Idadi yao, ala zao na mahali wanapokaa ndivyo vinavyoamua mtaweza kwenda wapi.

Ya kwanza ni ndefu, dakika 60 hadi 70 bila mapumziko. Chukulia wachezaji 6, wapigaji 4, fundi taa, fundi mitambo na msimamizi wa jukwaa: watu 13. Ukiongeza ngoma, stendi na mkeka wa kuchezea, hawaenei kwenye Hiace, hivyo gharama ya Coaster iwemo kwenye bei tangu siku ya kwanza. Jukwaa liandikwe kwa vipimo viwili tofauti: eneo la kuchezea, tuseme mita 10 kwa 8, na eneo la wapigaji, mita 3 kwa 4. Mkiandika kipimo kimoja cha jumla, dramsi na spika zitaingia kwenye eneo la kuchezea, na atakayelipia hilo ni mchezaji anayekimbia kinyumenyume.

Ya pili ni fupi, dakika 20 hadi 25, kwa ajili ya matamasha ambayo kundi jingine linashuka na nyinyi mnapanda baada ya robo saa. Wachezaji 3, wapigaji 2. Hapa ala zote zifungwe na kupimwa nje ya jukwaa, juu ya kibao chenye magurudumu ikiwezekana, ili zisukumwe ndani zikiwa tayari. Msiitoe kwa kukata katikati ya ile ndefu. Itungeni upya kwa ajili ya wapigaji wawili, hata kama mnatumia miondoko ileile.

Ya tatu ni ya shule: onyesho la dakika 25, kisha wanafunzi wapige na kucheza wenyewe, yote yaishe ndani ya vipindi viwili vya dakika 40. Mara nyingi mtachezea uwanjani au kwenye bwalo la saruji. Ondoeni mirukio yote, maana saruji hainyonyi mshtuko na magoti na mifupa ya miguu huumia haraka. Saruji iliyopigwa na jua la saa sita huunguza nyayo pia, kwa hiyo ombeni saa tatu asubuhi.

Sasa kasi, mahali ambapo maonyesho mengi mazuri huharibika. Mchezaji akiruka sentimita 30, anakaa hewani kwa takriban nusu sekunde. Hilo haliamuliwi na yeye wala na mpiga ngoma, ni mvutano wa dunia. Muziki wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo, kwa hiyo anaruka kwenye pigo moja na kutua sawasawa kwenye linalofuata. Watazamaji wanapiga makofi, mpiga ngoma anapandwa na mzuka, kasi inafika 132. Ni tofauti ndogo kwa sikio, ila ili awahi pigo mchezaji lazima ashushe mruko wake hadi sentimita 25 hivi, la sivyo atatua amechelewa. Kasi ikishuka hadi 108 lazima afike sentimita 38, naye yuko dakika ya hamsini na miguu imechoka. Mtazamaji ataona mchezaji aliyekosea, na mchezaji hakukosea.

Dawa yake ni kuandika kasi ya kila kipande na kukubaliana mpaka, tuseme mapigo 3 juu au chini. Mpiga ngoma awe na metronomu, kifaa cha kuhesabia kasi, ya taa inayomulika, si ya mlio. Aitazame mwanzoni mwa kila kipande, kisha aiache na kuangalia miili.

Pia kila kipande kiandikwe nani anamfuata nani. Kuna mpango wa mwili kufuata muziki, na wa muziki kufuata mwili. Upo na wa tatu, ambao mtunzi wa dansi Merce Cunningham wa Marekani alijulikana nao: dansi na muziki vinatungwa mbalimbali na kinachounganisha ni muda tu, hivyo msimamizi anashika saa. Mipango yote mitatu inafaa. Kisichofaa ni kuacha bila kusema, maana mchezaji atamsubiri mpigaji na mpigaji atamsubiri mchezaji, na kimya hicho huonekana hadi viti vya nyuma.

Pale muziki unapofuata mwili, wapigaji huzungusha kifungu kimoja hadi wapate ishara. Ishara iwe kubwa: mkono mzima kupanda, au mchezaji kugeuka na kuwapa mgongo watazamaji. Jicho halitoshi, kwani taa ikiwa usoni mwake mpigaji halioni. Wekeni na kikomo, kwa mfano mizunguko 8. Ishara isipokuja, wapigaji wanaendelea na kila mtu anajua wanaendelea.

Ndiyo maana tunawapendelea wapigaji pembeni mbele, si nyuma ya jukwaa. Nyuma wanapendeza kwenye picha, lakini wanaona migongo tu.

Kwenye mitambo, msikubali spika za mbele peke yake. Hizo zinawatazama watazamaji. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 12 kutoka kwenye spika anasikia pigo likiwa limechelewa sehemu 35 za elfu ya sekunde, na mwenzake aliye mita 2 analisikia karibu papo hapo. Wawili hao hawatatua pamoja hata wakijitahidi vipi. Ombeni angalau monita 4, yaani spika za kuwasikilizisha walio jukwaani: mbili pembeni, kulia na kushoto, zikiwatazama wachezaji, na mbili za wapigaji.

Ngoma za ngozi zina mahitaji yake. Hewa ya bahari usiku, kama pale Ngome Kongwe Unguja, hulegeza ngozi na sauti ikashuka. Ukumbi wenye kiyoyozi huikausha na sauti ikapanda. Kwenye uwanja wa wazi ombeni mahali pa kuwasha moto wa kuzikausha, mbali na watu. Ndani ya ukumbi moto hauruhusiwi, hivyo ziingizeni zikiwa zimebaki saa tatu onyesho lianze ili zizoee hewa, na mbebe ngoma moja ya akiba. Ilimba na zeze zina sauti ndogo, zahitaji maiki za kubandika. Maiki ya stendi itabeba na vishindo vya miguu.

Siku ya onyesho, taa zitundikwe kwanza wakati ngazi inaweza kutembea popote. Kisha mkeka, na ukunjuliwe mapema ulale vizuri kabla ya kupigwa tepu. Waya usipite chini yake hata mmoja, kwa kuwa tuta dogo kiasi hicho latosha kutegua kifundo cha mguu. Ala ziingie mwisho.

Fedha zipangwe kwa kufuata hayo. Makosa mengi tuliyoyataja yana chanzo kimoja: wapigaji wanalipwa kwa onyesho tu, mazoezi hawalipwi, basi wanakuja mara mbili za mwisho. Kama mazoezi ni wiki 8, waingie wiki ya tatu, na posho yao iwe kwenye bajeti. Mark Morris Dance Group ya New York, iliyoanzishwa 1980, ina wanamuziki wake yenyewe tangu 1996. Studios Kabako, kundi la mtunzi wa dansi Faustin Linyekula lenye makao Kisangani, Kongo, mwaka 2009 ilimpandisha mpiga gitaa Flamme Kapaya na bendi jukwaa moja na wachezaji. Uwezo wenu ni mdogo kuliko wa hao, lakini mpangilio ni uleule: mpigaji ni mwanakundi.

Kwenye mkataba, dai asilimia 50 kabla ya safari, na gharama ya wapigaji isimame kwenye mstari wake. Promota atauliza kama mnaweza kuja na muziki wa kurekodi ili apunguziwe. Jibu liwe tayari. Kwa programu ya shule hapana, kwa sababu watoto wanakuja kugusa ngoma. Kwa ile ndefu hapana. Kwa ile fupi, kubalini tu kama mlitunga toleo la kurekodi na kulifanyia mazoezi, nalo liwe na jina lake na bei yake.